Damu ya mama kutoendana na ya mtoto: maana yake

Muuguzi wa kliniki akisema damu ya mama na ya mtoto haziendani, mara nyingi anazungumzia Rh. Hii ni protini inayokaa juu ya chembe nyekundu za damu. Aliye nayo ni chanya, asiye nayo ni hasi. Ndiyo ile alama ya kujumlisha au kutoa inayofuata kundi lako kwenye kadi, kama O+ au A−. Waafrika wengi ni chanya. Walio hasi ni wachache, na kwa uchache wao husahaulika.

Shida huja mama akiwa hasi na mtoto akiwa chanya kwa kurithi kwa baba. Mama akiwa chanya, Rh ya baba haisumbui. Wazazi wote wakiwa hasi, mtoto naye huwa hasi, na hapo hakuna ugomvi. Nasisitiza kwa sababu wapo wachumba wanaoambiwa wasioane eti mmoja ni A na mwenzake ni B. Hiyo si sababu ya kuachana. Wengine huchanganya na selimundu, ambayo ni habari nyingine yenye kipimo chake.

Chukulia mama wa Rungwe ambaye ni hasi, mumewe chanya. Mimba ya kwanza inakwenda vizuri, maana kondo la nyuma linatenganisha damu yake na ya mtoto. Siku ya kujifungua kondo linabanduka, na damu kidogo ya mtoto inaingia kwa mama. Mwili wake unaiona ile protini kuwa ngeni, unaanza kutengeneza kingamwili za kuishambulia. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na wakati huo mtoto ameshatoka, ananyonya, ana afya. Hakuna anayeshtuka.

Mimba ya pili ndiyo hulipa. Kingamwili zinapita kwenye kondo na kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Anaweza kuishiwa damu tumboni, kuvimba mwili kwa maji, hata kufia humo humo. Au anazaliwa na umanjano mkali unaofika kwenye ubongo na kumwachia uziwi au ulemavu wa viungo. Kwa kawaida mimba inayofuata huwa mbaya zaidi. Na hapo maneno huanza: karogwa, kaolewa kwenye ukoo wenye mkosi. Inaniuma sana, kwa sababu mama huyo alihitaji sindano, na sindano ipo tangu mwaka 1968.

Inaitwa anti-D. Inatengenezwa kwa damu ya watu ambao tayari wana kingamwili hizo. James Harrison wa Australia, aliyefariki mwaka 2025, alichangia zaidi ya mara 1,100. Kazi ya sindano hii ni kuziondoa chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazijua. Ukishazijua, sindano haisaidii tena, na kinachobaki ni daktari kuifuatilia mimba kwa karibu. Kwa hiyo muda ndio kila kitu. Dozi moja huchomwa karibu na wiki ya 28, nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa damu ya mtoto, inayochukuliwa kwenye kitovu, imeonekana ni chanya. Saa 72 zikipita, nenda hata hivyo, kwani hadi siku ya kumi inaweza bado kusaidia.

Watu wengi hawajui kwamba mimba iliyoharibika nayo inahesabiwa. Vivyo hivyo mimba iliyotunga nje ya kizazi, kutokwa damu katikati ya ujauzito, au kuanguka na kugonga tumbo. Mwanamke hasi aliyepatwa na lolote kati ya haya aseme kliniki, hata kama nyumbani hakuna anayejua.

Sindano hii haipatikani kila zahanati. Ukiwa Makete au Ludewa na kadi inasema hasi, anza kuiulizia mapema: ipo wapi, bei gani, nani ataifuata. Ukisubiri uchungu uanze, katikati ya masika na barabara za matope, saa 72 ni chache.

Kuna kutoendana kwingine, kwa makundi yenyewe: mama O, mtoto A au B. Huku kunaweza kumkuta hata mtoto wa kwanza, ila mara nyingi ni kwepesi, na dalili yake kuu ni umanjano.

Huku kwetu nyanda za juu umanjano hujificha. Mwezi wa saba Njombe ni baridi kali. Mtoto anafunikwa kofia, soksi na blanketi mbili, ndani kuna giza. Mfunue uso na kifua karibu na mwanga wa mchana. Bonyeza pua au kifua kwa kidole, achia, tazama rangi ya ngozi kabla damu haijarudi. Angalia weupe wa macho na fizi. Njano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi. Hospitali watapima damu yake, watamlaza chini ya taa za buluu, na hali ikizidi watambadilishia damu.