Nani Ameshika Kalamu ya Ratiba? Dhana potofu kuhusu matamasha ya mashabiki wa katuni na hadithi za kubuni Dar

Dhana: Tarehe ni ya aliyeitangaza kwanza

Bango la Instagram si risiti. Tarehe inakuwa yako siku ukumbi unapopokea malipo ya awali na kukuandikia. Kabla ya hapo, chukua kalenda ya Dar uanze kufuta. Futa Ramadhani, na kumbuka kila mwaka inarudi nyuma kwa siku 10 au 11, kwa hiyo usinakili kalenda ya mwaka jana. Idi inasubiri mwezi uandame. Acha siku moja kabla na moja baada. Futa wikiendi za masika, Machi hadi Mei, maana Msimbazi ukijaa pale Jangwani, wa Kimara na Ubungo hafiki Posta. Siku ya Simba na Yanga nayo ifute, ingawa hiyo huweza kuhamishwa ukiwa umeshalipa.

Ukimaliza kufuta, zinabaki Jumamosi chache, na makundi mawili kugongana hapo si lazima iwe hujuma. Mpigie simu mwenzako kabla ya kuandika chochote hadharani, kwani wachoraji wanaouza kwenye meza zake ndio haohao unaowategemea wewe. Hata Worldcon, mkutano wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi, unaoendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1939, huhama: ya 2021 Washington ilitolewa Agosti ikapelekwa Desemba, na ya 2023 Chengdu ikatoka Agosti kwenda Oktoba.

Dhana: Kura ya grupu inamaliza ubishi

Tuseme grupu lina watu 120. Wanapiga kura 40. Watakaobeba viti ni 9, na pengine 6 kati yao hawakupiga kura kwa sababu walikuwa kazini. Kura itumike kujua watu wanapenda nini, basi. Uamuzi uwe wa watu watatu: mratibu wa ratiba, msimamizi wa ukumbi na mweka hazina. Majina yao yaandikwe kwenye nusu ukurasa, pamoja na nani anashauriwa na mwisho wa kushauri ni lini. Ugomvi mwingi unaoitwa wa ratiba ni wa kalamu: kila mtu alidhani ameishika yeye.

Ratiba ifungwe siku 14 kabla. Baada ya hapo inabadilika kwa sababu mbili tu, mzungumzaji hayupo au kuna hatari. Faili lifunguliwe na mratibu peke yake, wengine wasome. Halafu kuna picha za simu. Ukishaweka ratiba status, ile ya zamani haifi. Itaendelea kuzunguka hadi siku yenyewe, na mtu atakuja mlangoni nayo akiwa amekasirika. Kila picha iandikwe kwenye kona namba ya toleo na tarehe, kwa herufi kubwa.

Dhana: Kila mtu anajua saa nane ni saa ngapi

Anayesoma "8:00" kwa Kiingereza anakuja asubuhi. Aliyeambiwa "saa nane" anakuja baada ya chakula cha mchana. Mgeni kutoka nje ataamini karatasi. Andika zote mbili, "saa 8 mchana, 14:00", kila mstari, bila kuchoka.

Dhana: Ratiba iliyojaa ndiyo nzuri

Mada ya saa moja ni dakika 45. Zile 15 zinaliwa na kutoa watu, kubadilisha betri ya maiki na kutafuta waya wa projekta uliokuwepo jana. Kwenye shindano la kosplei, yaani kuvaa kama wahusika wa katuni na hadithi, washiriki 20 kwa dakika 2 kila mmoja ni dakika 40 kwenye karatasi tu: kupanda jukwaani na mabawa ya maboksi, kupiga picha na kushuka kunafanya kila mmoja atumie dakika 3, yaani 60 kwa wote, kisha majaji wanataka 20. Panga 80.

Mgeni rasmi ni somo la pekee. Usimweke kwenye ufunguzi, maana akichelewa kila kitu kinamsubiri. Mpe nafasi ya dakika 20 katikati ya asubuhi, na mada inayofuata iwe ya kikundi cha ndani kinachoweza kuanza hata mapema.

Dhana: Wa kujitolea hawana gharama

Nauli, maji, chakula. Kama milango na meza zinahitaji watu 12, sajili 16. Zamu moja iwe na urefu wa saa nne, zaidi ya hapo watu wanaanza kujibu wageni vibaya. Kinachovunja timu si kukosa posho. Ni kugundua kwamba mmoja amepewa kimyakimya. Waambie wote kiwango, hata kama ni sifuri.

Kabla ya kupanga zamu, muulize kila mmoja kipindi kimoja asichotaka kukikosa, umwachie. Comiket ya Tokyo, soko la vitabu vya katuni vinavyochapishwa na mashabiki wenyewe, iliyoanza Desemba 1975, huwahesabu waandaaji, wauzaji na wanunuzi wote kuwa washiriki. Huko hakuna "mteja".

Dhana: Anayejiondoa ni msaliti

Kachoka. Kabla hajaondoka, mkae naye nusu saa: nenosiri la akaunti, risiti za ukumbi, orodha ya wenye meza waliolipa na wanaodaiwa. Angalia na laini ya simu inayopokea namba za kuthibitisha. Ikibaki mfukoni mwake, kurasa za tamasha zimebaki naye.