Ubeti mfupi wa vita: yanayodhaniwa na yalivyo

Kila yanapokaribia mashindano ya mashairi katika tamasha la utamaduni la Lamu, hupatikana vijana wanaotaka kutunga beti fupi juu ya mapigano na uchovu wa vita, na hupatikana pia wazee wa barazani wanaowaambia kuwa jambo hilo si la kwetu. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, zimeshika dhana zinazohitaji kupimwa upya.

Dhana: Vita havitungiwi ila utendi mrefu.

Dhana hii haikuzuka bure. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Pate, mji wa kale jirani na Lamu, mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja, na ndio uliowazoesha wengi kudhani kwamba mapigano hayaelezeki kwa maneno machache. Lakini vita vilivyopiganwa mlangoni petu, vile vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, ambapo majeshi ya Mombasa na Pate yaliteremka ufukweni na kushindwa na watu wa Lamu, vina historia nyingine. Katika uhasama wa miaka ile, Muyaka bin Haji kwa upande wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi kwa upande wa Lamu walitunga mashairi ya beti chache, upande mmoja ukichokoza na wa pili ukijibu. Utendi ulisomewa watu waliokaa kusikiliza kisa kizima, ilhali shairi la kujibizana lilihitaji kushikika kichwani na kufika ng'ambo kabla hasira haijapoa.

Dhana: Kulalamikia vita ni mtindo wa Wazungu wa baada ya 1914.

Ni kweli kwamba mashairi mengi ya kujibizana yamejaa majigambo na kejeli, na anayetafuta uchovu ndani yake atapata kidogo. Uchovu uko kwingine. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake mbele ya magofu ya Pate, mji uliodhoofishwa pamoja na mengine na vita vya ndani na vya majirani: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizopangwa vyombo vya thamani sasa zimekuwa viota vya ndege. Hakuna upanga unaochomolewa hapo, wala mshindi anayetajwa. Utungo wote si mfupi, lakini beti zake nyingi zinaweza kusimama peke yake.

Dhana: Asiyepigana hana haki ya kutunga.

Bwana Mwengo alitunga zaidi ya miaka elfu moja baada ya msafara wa Mtume kwenda Tabuk, ndiyo Tambuka ya utendi wake, wa mwaka 630, na wanahistoria wanatueleza kwamba msafara ule ulirejea bila mapigano makubwa. Sidhani kuna haja ya kuongeza neno.

Dhana: Shairi fupi maana yake ni haiku.

Haiku, shairi fupi la Kijapani, ina heshima yake, na mshairi wake Bashō alipofika Hiraizumi, uwanja wa vita vya kale, mwaka 1689 aliyaona majani ya kiangazi mahali palipokuwa ndoto za wapiganaji, akayamaliza yote katika silabi 17. Hata hivyo, sisi tuna tathnia ya mistari miwili, tathlitha ya mistari mitatu, na ubeti mmoja wa utendi wenye mizani (silabi) 32 tu. Asiyezijua hizi anakopa alichonacho nyumbani.

Dhana: Ufupi ni wepesi.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Mtu huanza hivi:

Vita vibaya wenzangu,
vyamaliza watu wangu,

na mizani yake imetimia, vina vyake vimekaa, lakini hakuna alichokiona msomaji. Maneno kama vita, damu na amani yanameza nafasi yote, kwa sababu kila moja linatoa hukumu kabla ya jambo lenyewe kuonekana. Nami niliwapendekezea vijana hao tuchukue askari mmoja wa Mombasa pale Shela, adui yetu wa jana, katika saa ambayo, kama inavyosimuliwa hapa, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vyao vimekwama:

Upanga nimeuweka,
mkono umenichoka,
bahari imeondoka
na jahazi limelala.

Kila mstari una mizani minane, ukihesabu m ya «mkono» kuwa mizani kamili kama inavyopasa. Neno vita halimo. Mstari wa tatu uligharimu kazi kuliko mingine yote, kwa kuwa «maji yamekupwa» ndilo neno la baharini lakini halikubali kina. Ilibidi tutafute namna nyingine ya kusema kwamba hakuna njia ya kurudi, na nadhani hasara iligeuka faida.

Dhana: Ubeti mzuri haupaswi kuelezwa.

Waliomsikiliza Muyaka walijua nani amemtukana nani, hivyo fumbo lake lilifunguka papo hapo. Vizazi vilivyofuata vingepotea lau Mwalimu Sikujua wa Mombasa asingemsaidia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya mashairi hayo na kuyafafanua, mpaka yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Kwa hiyo mtunzi wa leo hapungukiwi na kitu akiandika juu ya ubeti wake maneno mawili, mahali na wakati: «Shela, maji yamekupwa».