Kupunguzwa kazini si kufukuzwa

Kupunguzwa kazini ni mwajiri kuondoa nafasi, na aliyeishika akaondoka nayo. Basi. Hakuna kosa wala kikao cha nidhamu, na hakuna ile "lazima alikuwa na lake". Hata hivyo aliyepunguzwa huitwa kafukuzwa kila kukicha, na kinachokera zaidi ni kwamba mara nyingi mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo: nyumbani, kwa marafiki, mwishowe mbele ya jopo la usaili.

Kufukuzwa kunamhusu mtu, kupunguzwa kunahusu nafasi. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, umelitenga jambo hili waziwazi. Sababu halali ya kusitisha ajira itokane ama na uwezo wa mfanyakazi, ama mwenendo wake, ama mahitaji ya uendeshaji wa shughuli yenyewe. Mbili za kwanza zinamgusa mtu, ndiyo maana mkataba huohuo unataka apewe fursa ya kujitetea kabla hajaondolewa. Kwenye ile ya tatu mfanyakazi hana la kujitetea, kwa kuwa hajatuhumiwa. Anayetakiwa kujieleza ni mwajiri: awape wawakilishi wa wafanyakazi taarifa mapema, ataje sababu, idadi na aina ya watakaoguswa na muda wa zoezi, kisha wajadiliane namna ya kuliepuka au kupunguza makali yake. Si nchi zote zilizouridhia mkataba huo, lakini mgawanyo wenyewe utaukuta katika sheria za kazi za nchi nyingi.

Ukitaka kujua kilichokupata ni kipi, uliza kazi yako anaifanya nani sasa. Kama imegawanywa kwa waliobaki, au imechukuliwa na programu, au idara yenyewe haipo tena, umepunguzwa. Kama mwezi mmoja baadaye nafasi ileile imetangazwa kwa jina jipya, hapo hukupunguzwa. Uliondolewa wewe, na neno "kupunguzwa" limetumika kama pazia. Hifadhi tangazo hilo likiwa na tarehe yake. Muda wa kulalamika una kikomo, pengine kifupi sana, na saa hiyo haikusubiri mpaka hasira zipoe.

Walio katikati ya safari ya kazi hukutwa na jambo hili wakiwa hawajajiandaa, na sababu yake inaeleweka. Wengi wanaijua kanuni ya aliyeingia mwisho kutoka kwanza, wakadhani miaka yao 12 au 15 ni ngome. Kanuni hiyo hufanya kazi pale panapokuwa na watu wengi wanaofanya kazi moja na inabidi wachaguliwe. Ngazi nzima ya wasimamizi wa kati ikifutwa, hakuna uchaguzi. Ukiwa peke yako katika cheo chako, hakuna wa kupimwa naye.

Neno la tatu linalovurugwa ni kujiuzulu. Mwajiri anakuita, anakwambia kwa upole kwamba itapendeza kwenye wasifu wako ukiandika mwenyewe barua ya kuacha kazi. Ukiiandika, kwenye karatasi hukupunguzwa wala hukufukuzwa. Umeondoka kwa hiari yako. Malipo ya kupunguzwa yanaweza kupotea hapohapo, na palipo na bima ya ukosefu wa ajira, huenda ukakosa au ukacheleweshewa. Omba siku chache za kuisoma karatasi yoyote kabla ya kusaini. Mwenye haraka katika mazungumzo hayo kwa kawaida ni yule anayenufaika na haraka. (Na kusimamishwa kazi ni kitu kingine kabisa. Aliyesimamishwa bado ni mwajiriwa, anasubiri uchunguzi.)

Malipo yenyewe huharibika mahali pawili. Pa kwanza ni tarehe ya kuanza kazi. Tuseme unastahili siku 10 za mshahara kwa kila mwaka wa utumishi, na umekaa miaka 14: hizo ni siku 140. Lakini kama miaka 3 iliyopita kampuni ilibadili jina na ukasaini mkataba mpya, mhasibu anaweza kuhesabu kuanzia hapo na kukupa siku 30. Tafuta barua ya kwanza ya ajira na hati ya zamani ya mshahara kabla hujakabidhi kompyuta ya ofisi. Pa pili ni msingi wa hesabu, kama ni mshahara wa msingi peke yake au pamoja na posho za kila mwezi. Jibu liko kwenye sheria au mkataba, si kwenye kauli ya ofisa aliyekukabidhi barua. Fedha ya notisi na ya siku za likizo ambazo hukuzichukua huhesabiwa mbali. Zisimezwe na kiinua mgongo zikageuzwa kuwa hisani.

Barua nayo isomwe kwa makini. "Utumishi wako umesitishwa" haisemi lolote, na msomaji wa kesho ataijaza kwa mawazo yake. Omba iandikwe sababu: "Nafasi ya Msimamizi wa Ghala imeondolewa kufuatia kuunganishwa kwa idara za ghala na usafirishaji." Pendekezo Na. 166, linaloandamana na ule Mkataba Na. 158, linataka pia mfanyakazi akiomba apewe cheti chenye tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi, bila maoni juu ya mwenendo wake isipokuwa mwenyewe akiyataka. Linasema vilevile kwamba wakati wa notisi apewe muda wa kutosha kutafuta kazi bila kukatwa mshahara, na kwamba waliopunguzwa wapewe kipaumbele mwajiri akiajiri tena watu wa sifa kama zao, mradi walishasema ndani ya muda uliowekwa kwamba wangependa kurudi. Hilo la mwisho hupotea kwa kukosa barua ya mistari mitatu.

Kwenye usaili, sentensi mbili zinatosha. "Idara mbili ziliunganishwa na nafasi sita zikaondolewa, yangu ikiwemo. Nilikuwa nasimamia watu 20 na hesabu ya mali ya maghala mawili." Idadi ya nafasi ni muhimu, kwani inaonyesha hukulengwa peke yako. Wanaoharibu ni wale wanaojieleza kwa dakika tano, mara bosi, mara siasa za ofisini, mpaka jopo linaanza kusikia kufukuzwa ambako hakukuwepo. Cheo cha ndani nacho kinahitaji kufasiriwa: "Ofisa Daraja la II" hakimwambii mtu wa nje chochote, ila kazi uliyoifanya na ukubwa wake anavielewa.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Aliyefukuzwa kwa nidhamu akiandika "nilipunguzwa" anajitegea mtego, maana simu moja kwa mwajiri wa zamani humaliza mjadala, na taarifa ya uongo kwenye maombi inaweza kuwa kosa jipya la kumwondoa kazini hata baada ya kuajiriwa. Yeye ataje kilichotokea kwa kifupi, aseme kilichobadilika, kisha aingie kwenye ujuzi wake.

Kwa hiyo kwenye fomu, penye "sababu ya kuacha kazi", andika "nafasi iliondolewa". "Nilipunguzwa" pia ni sahihi. Na kama aliyepewa barua ni jirani au ndugu yako, muulize nafasi ngapi zimeondolewa, badala ya kumuuliza amefanya nini.