Dhamana ya Ziada: Kutengenezewa au Kubadilishiwa?

Mnunuzi wa friji au televisheni, mara tu anapomaliza kulipa, huulizwa kama angependa kuongeza kiasi fulani ili apate dhamana ya miaka miwili au mitatu badala ya ule mwaka mmoja wa mtengenezaji. Wengi hukubali wakiamini kuwa chombo kikiharibika watapewa kingine, na siku kinapoharibika ndipo wanapousoma mkataba kwa mara ya kwanza. Ugomvi mwingi baina ya wateja na maduka huanzia hapo, ilhali ungeweza kuepukwa kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Dhana: Maadamu dhamana haijaisha, chombo kikiharibika nitapewa kipya.

Ukweli ni kwamba mikataba mingi ya dhamana ya ziada husema kuwa mtoa dhamana atatengeneza au atabadilisha chombo, na kwamba uamuzi wa kuchagua ni wake. Kwa kawaida matengenezo huja kwanza, na kubadilishiwa huja pale kipuri kinapokosekana au gharama ya kutengeneza inapozidi thamani ya chombo. Na thamani hiyo nayo mara nyingi huhesabiwa baada ya kukata uchakavu, si kwa bei uliyolipa dukani.

Kinachomuumiza mteja zaidi ni kutengenezewa kusiko na kikomo, yaani chombo kuchukuliwa, kurudishwa, kuharibika tena kwa hitilafu ile ile, kisha kuchukuliwa upya mpaka muda wa dhamana unakwisha. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 imeliwekea jambo hili mpaka: ndani ya siku 30 za kwanza mnunuzi anaweza kukataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zake, baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ikishindikana mnunuzi anaweza kudai apunguziwe bei au airudishe bidhaa. Sisi tunaonunua Dar es Salaam au Nairobi hatuna budi kuutafuta mpaka wa namna hiyo ndani ya mkataba wenyewe. Uliza hitilafu ile ile ikijirudia mara ngapi utabadilishiwa, na uliza fundi akishachukua chombo atakaa nacho siku ngapi. Mkataba usiojibu maswali hayo mawili, kwa maoni yangu, haustahili kulipiwa hata shilingi moja.

Dhana: Kutengenezewa ni kupunjwa.

Jibu hapa hutegemea kilichoharibika, na ndiyo maana inafaa mteja aelewe walau kidogo kinachofanyika kwenye meza ya fundi.

Chukua televisheni inayotoa sauti lakini kioo chake ni cheusi. Fundi makini huiwasha gizani, akamulika kioo kwa tochi kwa karibu na kwa pembeni. Akiona picha hafifu ikicheza kwa ndani, anajua kuwa paneli, yaani kioo chenyewe kinachochora picha, ni nzima na kwamba kilichokufa ni taa za nyuma yake, au saketi inayozilisha umeme. Taa hizo ni vipande vyembamba vya LED vinavyobadilishwa kwa gharama ndogo, na televisheni ikarudi kufanya kazi vizuri. Kumpa mteja huyu televisheni nyingine ni kutupa chombo kizima kwa sababu ya kipuri kidogo. Lakini paneli yenyewe ikipasuka au kuchora mistari, hesabu hugeuka, kwa kuwa bei ya paneli hukaribia bei ya televisheni mpya. Hapo kubadilisha ndiko kwenye busara, kama mkataba unaigharamia hitilafu hiyo, maana kioo kilichopasuka kwa kugongwa kwa kawaida hakimo.

Friji nalo lina somo lake. Friji lisilopoza mara nyingi huishia kujazwa gesi, likapoza wiki chache, kisha likarudi kulekule. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika, ikipungua, imevuja. Matengenezo ya kweli ni kutafuta mahali panapovuja, kupaziba kwa kuchomelea, kubadilisha chujio, kuvuta hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba, ndipo gesi ijazwe kwa kuipima kwenye mizani. Friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi ya R600a, na kiasi chake, ambacho mara nyingi hakifiki gramu 100, huandikwa kwenye kibandiko cha friji. Fundi wa dhamana anayejaza gesi bila kutafuta uvujaji hajatengeneza kitu, na mteja ana haki ya kudai jambo hilo liandikwe kwenye fomu ya kazi.

Matengenezo ya kiwango hicho si ya kudharauliwa. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yanayompa mnunuzi anayechagua kutengenezewa miezi 12 zaidi ya dhamana ya kisheria. Natamani watoa dhamana wa kwetu waige hatua hiyo kwa hiari, kwa sababu mteja atakubali matengenezo kwa moyo mweupe akijua kuwa kazi ya fundi nayo ina dhamana.

Dhana: Kubadilishiwa ni faida tupu.

Mikataba mingi haiahidi chombo kipya cha aina ile ile, bali chenye uwezo unaolingana, na baadhi huruhusu kilichowahi kutumika kisha kikakarabatiwa. Zaidi ya hayo, ni jambo la kawaida mkataba kusema kuwa ukishabadilishiwa, wajibu wa mtoa dhamana umekwisha, hata kama ulikuwa umebakiwa na miaka miwili uliyokwisha kuilipia.

Dhana: Friji hili lina dhamana ya miaka kumi.

Soma kibandiko tena. Kwa kawaida miaka hiyo kumi ni ya kompresa peke yake, yaani pampu inayosukuma gesi, wakati bodi ya saketi za umeme, feni, mlango, gesi na ufundi vina mwaka mmoja au miwili.

Dhana: Chombo kikiungua kwa umeme, dhamana italipa.

Hitilafu inayotokana na umeme kupanda na kushuka ni miongoni mwa mambo yanayoondolewa mara nyingi kwenye dhamana, na ndiyo inayounguza bodi nyingi katika miji yetu, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika. Baadhi ya dhamana za ziada huijumuisha. Hiyo ndiyo sababu mojawapo nzuri ya kuzilipia, kwa hiyo kifungu hicho kitafutwe mapema. Kisipokuwemo, fedha hizo zitafanya kazi kubwa zaidi zikinunua kifaa cha kulinda friji na televisheni.

Dhana: Bila dhamana ya ziada sina haki yoyote, kwani risiti imeandikwa “mali ikishauzwa hairudishwi.”

Haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaokubalika haikuanzia kwenye kadi ya dhamana. Kenya ina Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Friji lililokufa wiki ya pili halihitaji dhamana ya ziada ili muuzaji awajibike. Mteja aende kwa muuzaji akiwa na risiti, aandike malalamiko yake yenye tarehe na namba ya chombo, na ahifadhi nakala ya kila fomu ya fundi. Muuzaji akikataa, nyaraka hizo ndizo atakazozipeleka kwenye Tume ya Ushindani akiwa Tanzania Bara, au kwenye Mamlaka ya Ushindani akiwa Kenya.