Kupiga stori na dereva wa teksi Dar: yanayosemwa na yalivyo

"Ukimchangamkia dereva, atakupunguzia bei." Dhana hii inawaponza wengi. Wanaanza stori kabla bei haijatajwa, kisha wakifika wanaona haya kubishana na mtu waliyecheka naye njia nzima. Kwa teksi ya kijiweni, bei mnaelewana nje, mlango ukiwa bado umefungwa: taja unakokwenda, mkubaliane, uliza kama hela ya maegesho imo humo humo na ukimsubirisha ataongeza kiasi gani. Hapo ndipo upande gari na kusalimia vizuri: "Habari za kazi, kaka? Pole na foleni." Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo. Kwa gari la kuita kwenye simu, nauli kwa kawaida inapangwa na programu, hivyo maongezi hayaipandishi wala hayaishushi. Akikupigia kabla hajafika na kuuliza "Unaelekea wapi? Unalipa keshi?", usidhani anatafuta urafiki. Anapima kama safari itamlipa, kwa hiyo mjibu kwa ufupi na kwa ukweli.

Wengine huamini gari ni la dereva. Toyota IST na Passo nyingi unazopanda zina tajiri wake, yaani mwenye gari. Dereva anampelekea hesabu, yaani kiasi walichokubaliana, abiria wapatikane wasipatikane. Wengine wako kwenye mkataba, wanalipa kidogo kidogo mpaka gari liwe lao. Ndiyo maana swali la "Kwa siku unaingiza shilingi ngapi?" humfunga mtu mdomo. Chukua nauli ya shilingi 10,000: programu ikikata robo zinabaki 7,500, na hapo mafuta bado, hesabu bado. Unamtaka apige hesabu chungu mbele ya mgeni. Muulize kitu anachokijua kuliko wewe. "Mvua ikinyesha hivi, Jangwani panapitika?" Bonde la Msimbazi, ilipo Jangwani, limefurika na kuwafungia madereva Barabara ya Morogoro mara nyingi, na kila mmoja ana njia yake ya kulizunguka. Swali moja la namna hiyo hufungua maongezi kuliko "Maisha yanaendaje?" kumi, ambalo jibu lake ni "Tunamshukuru Mungu" na kimya.

Simba na Yanga je, si ndiyo mada salama kuliko zote? Siyo kila siku. Klabu zote mbili ni za Kariakoo, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, na dereva anaweza kuwa amerithi timu kwa baba yake. Kabla hujatania, angalia kilichoning'inia kwenye kioo cha ndani au kilichotandikwa juu ya dashibodi. Timu yake ikiwa imefungwa jana, mpe pole tu. Akitaka kuendelea, ataendelea mwenyewe.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba stori humfukuzia dereva usingizi. Usingizi dawa yake ni kulala. Muulize mapema, "Umeanza saa ngapi leo?" Akisema saa kumi alfajiri na sasa ni saa mbili usiku, ana saa 16 tangu ashike usukani. Akipiga miayo mfululizo, akichelewa kujibu maneno mepesi, au tairi likigusa mstari kisha akalirudisha ghafla, maongezi hayatamsaidia. Mwambie, "Kaka, egesha hapo kwenye kituo cha mafuta, tupumzike kidogo." Akilala dakika 15 hadi 20 atapata nafuu ya kwenda mwendo mfupi. Kama safari ni ndefu, mlipe alipofika na utafute gari jingine.

Je, kuongea na dereva ni sawa na yeye kuongea na simu? Hapana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, uliotoka 2008, ulionyesha madereva wakikosea zaidi walipoongea kwa simu kuliko walipoongea na mtu aliye ndani ya gari, maana aliye ndani naye anaiona barabara na anaizungumzia. Lakini faida hiyo unaipoteza ukiinamia simu yako huku unasimulia. Inua macho. Bodaboda wakianza kupenya kushoto na kulia pale Mwenge, katisha sentensi, mkishavuka utaimalizia.

Na kuchangamka hakukulazimishi kujibu kila kitu. Hili tunalisisitiza hasa kwa dada zetu wanaosafiri usiku. "Unaishi peke yako?" halidai jibu la kweli, "Nasubiriwa na kaka zangu" linatosha. Usitaje nyumba, taja duka au kituo cha jirani, na ushukie hapo. Kaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, unapomwona dereva vizuri, kisha piga simu nyumbani kwa sauti anayoisikia: "Nimepanda IST nyeupe, namba yake nimekutumia, sasa hivi tunapita pale Morocco, Kinondoni."