Kuyumba kwa mgonjwa wa Parkinson: sikio husingiziwa

Wengi huamini mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaokakamaza misuli na kupunguza kasi ya mwendo) akiyumba, sikio la ndani limeharibika. Mara nyingi sivyo. Mifereji 3 ya usawa iliyo ndani ya kila sikio huendelea kupeleka taarifa za mwendo wa kichwa. Kasoro kubwa iko kwenye ubongo, unaoshindwa kuziunganisha upesi na za macho na miguu. Daktari akimpima kwa kumvuta mabega kutoka nyuma, mgonjwa hurudi kinyumenyume kwa hatua ndogondogo, au huanguka kama gogo. Levodopa, dawa ya Parkinson, hulegeza misuli iliyokakamaa, lakini kuyumba huku haikutulizi sana.

Kizunguzungu cha kusimama ni kingine kabisa. Mpime presha akiwa amelala dakika 5, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, chanzo ni presha kushuka. Chumba kikizunguka kwa sekunde chache anapogeuka kitandani, hapo ndipo sikio lishukiwe.