THAC0 ni nini, na kwa nini kinga bora ndiyo namba ndogo

THAC0 (kifupi cha Kiingereza To Hit Armor Class 0, yaani kumpata mwenye kinga 0) ni namba ambayo mpiganaji lazima aifikishe kwenye dadu ya pande 20 ili ampate adui mwenye kinga sifuri. Basi, hakuna zaidi. Hata alama ya mwisho ya neno lenyewe si herufi O, ni sifuri hiyohiyo ya kinga.

Utakutana nayo kwenye Baldur's Gate ya 1998, Planescape: Torment ya 1999 na Icewind Dale ya 2000, gemu ambazo hazihitaji mashine kubwa, laptopu ya mtumba inatosha, na Baldur's Gate imefika hadi kwenye simu. Mbeya ikishikwa na baridi ya Julai, mwanafunzi wa Iyunga anaweza kujifunika blanketi akacheza mpaka jogoo wa kwanza, na bado asielewe kwa nini Gwamaka, mpiganaji wake aliyevalishwa chuma toka utosini hadi unyayoni, anaandikiwa kinga 1, wakati Tumpe mchawi, mwenye kanzu tupu, ana 10.

Hesabu ya kinga isome kama matokeo ya kidato cha nne. Mwenye pointi 7 amemshinda mwenye pointi 17, na hakuna mzazi Tanzania anayehitaji kuelezwa hilo. Kinga 10 ni mtu asiyevaa deraya, yaani vazi la vita. Deraya ya ngozi ni 8, ya minyororo 5, na ile ya chuma kamili inafika 1. Gwamaka akishika ngao, anashuka hadi sifuri.

Chanzo cha kwenda kinyumenyume ni jedwali. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, aina za kinga zilipewa namba 9 hadi 2: tisa ni mwili mtupu, mbili ni deraya ya chuma pamoja na ngao. Namba hizo zilikuwa vitambulisho tu. Ulitafuta namba ya adui kwenye jedwali, ukatafuta leveli yako, na pale vinapokutana ukasoma unachohitaji kwenye dadu. Kisha zikaongezeka deraya za uchawi, na wepesi wa mwili nao ukahesabiwa kwenye kinga, namba zikavuka sifuri na kuingia kwenye hasi. Toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, la 1989, ndilo lililoifanya THAC0 kuwa njia kuu, ili mchezaji aachane na majedwali. Gemu nilizozitaja zimejengwa juu ya kanuni za toleo hilo.

Kinachobaki ni kutoa: THAC0 yako, toa kinga ya adui. Jibu ndiyo namba ya chini kabisa itakayokupatia pigo.

Gwamaka wa leveli 1 ana THAC0 20. Akikutana na jambazi wa deraya ya ngozi, 20 toa 8 ni 12, kwa hiyo dadu ikitoa 12 au zaidi amempiga. Hiyo ni nafasi ya asilimia 45. Adui mwenye kinga 2 anadai 18, yaani asilimia 15 tu, na hapo ndipo wengi huanza kuitukana gemu kwamba inawaonea. Mpiganaji anapata nafuu ya namba moja kila leveli, kwa hiyo akifika ya 7 THAC0 yake ni 14, na adui yule wa kinga 2 sasa anamdai 12. Mchawi anasubiri leveli tatu kwa nafuu hiyohiyo moja, ndiyo maana kumpa Tumpe fimbo akapigane mbele ni kumtafutia kaburi.

Hasi inasumbua kidogo. Adui mwenye kinga -3 dhidi ya THAC0 14: kutoa hasi ni kujumlisha, unahitaji 17. Dadu ikitua 20 pigo linampata yeyote yule, ikitua 1 limekosa, hata mahesabu yaseme nini.

Kinachochanganya kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni alama ya kujumlisha kwenye vifaa. Ngao ya +1 inapunguza namba ya kinga. Upanga wa +1 unapunguza THAC0 inayoonekana kwenye skrini, ingawa wanaocheza mezani huiongeza hiyo moja kwenye dadu, na jibu linatoka lilelile. Waandishi wa kanuni walitumia jumlisha kwa maana ya "kizuri kwa mwenye nacho", wakamwachia msomaji kazi ya kugeuza. Toleo la tatu la mwaka 2000 liliondoa usumbufu huo: kinga inaanzia 10 na kupanda, hivyo kinga 2 ya zamani ni 18 ya sasa.

Deraya katika kanuni hizi haipunguzi maumivu, na hapa hata wachezaji wa muda mrefu huteleza. Inafanya pigo likose tu. Likishapita, upanga mrefu unakula uhai wa 1 hadi 8, uwe umevaa chuma au kanzu. Kofia ya chuma ya kawaida kwenye Baldur's Gate haigusi namba ya kinga hata kidogo, lakini inazuia pigo la 20 lisikuumize maradufu. Ivae.

Tena deraya moja ina kinga tofauti kwa kila aina ya silaha. Ya minyororo imeandikwa 5, lakini dhidi ya upanga ni 3 na dhidi ya rungu ni 7. Ukishindwa kumpata adui wa minyororo kwa upanga wako, badilisha silaha kabla ya kulaumu dadu.

Ukitaka kuyaona haya yakitokea, ingia kwenye mipangilio ya Baldur's Gate, sehemu ya taarifa za mapigano, uruhusu matokeo ya dadu yaonyeshwe. Kila pigo litaandikwa chini ya skrini: dadu imetoa ngapi, nyongeza ngapi, jumla ngapi, limepata au limekosa. Ukishajua THAC0 yako ya msingi na jumla iliyotosha kumpiga adui, unaweza kukisia kinga yake bila kuambiwa na mtu.